Siku Ng'ombe wa Papa Bizimana Alipokataa Maji

Innocent, kijana aliyepokea funguo zangu za baraji, ameniomba niandike niliyojifunza kazini ili yeye na wenzake wa turbini wasianzie sifuri. Nilimjibu kwamba niliyojifunza yanaenea nyuma ya paketi ya sabuni. Akasema basi niongeze na niliyoyaona. Hapo amejitakia mwenyewe. Asome polepole, ameketi, na awe amekwisha kuizunguka baraji asubuhi hiyo, kwa sababu mimi sitaki kulaumiwa kwamba maandishi yangu yalimchelewesha.

Kuhusu vyeo sina la kusema. Niliingia mlinzi wa baraji, nikatoka mlinzi wa baraji. Watoto waliniita Papa Baraji na wakubwa waliniita "wewe wa maji", na wote nikawaitikia.

Kwa asiyeijua, baraji yetu ni ukuta wa udongo ulioshindiliwa katikati ya vilima viwili, juu kidogo ya Nyabiondo. Upande wa maji umepangwa mawe, upande wa pili umeota nyasi. Waliujenga wazee wetu pamoja na padri mmoja aliyependa saruji kuliko mahubiri. Maji yake yanazungusha turbini ndogo, na turbini inawasha taa za kituo cha afya, inazungusha kinu cha mihogo, na inapoza nyumba ya jibini. Chini ya ukuta, moja kwa moja, ipo wodi ya uzazi. Sijui nani alichagua mahali pale. Nadhani alitafuta uwanja tambarare, na hapa Masisi ukipata uwanja tambarare unafurahi tu, huulizi ni nini kilichousawazisha.

Katika wodi hiyo mke wangu Zawadi ni mkunga. Kwa hiyo muda wote nilioutazama ule ukuta, nilikuwa natazama kitu kilichosimama juu ya kichwa cha mke wangu. Nayasema haya mapema ili msomaji asidhani nilikuwa mtu mwenye bidii kwa asili.

Nilipoanza, kila kijana mwenye mabega alikuwa anashika njia ya Walikale kwenda kuchimba madini Bisie. Mimi pia nilikuwa nimefunga mzigo. Tulikuwa ndiyo kwanza tumeoana. Zawadi aliutazama ule mzigo, akautazama uso wangu, akaniuliza: "Unaenda kutafuta nini mu shimo, na huku Papa Balume anatafuta muntu wa kumusaidia ku baraji?" Nikamwambia kazi ya baraji ni kuangalia maji tu. Akasema ndiyo hiyo hasa: "Njo kazi yenye unaweza." Nikafungua mzigo. Wenzangu waliokwenda walinicheka sana, na wengine bado wananicheka, ila siku hizi wanakuja kunichekea kwangu wakinywa chai yangu.

Papa Balume alikuwa fundi mwashi aliyekuwepo ukuta ulipojengwa. Alikuwa mfupi, mkavu, na hakupenda maneno kabla ya saa nne asubuhi. Siku ya kwanza nilikwenda nimevaa buti mpya za mpira, nimezipaka mafuta zing'ae. Alizitazama kama mtu anayetazama mgeni aliyekuja na kitanda chake.

"Toa bile viatu," akasema.

"Juu ya nini, Papa?" nikamuuliza sababu.

"Juu kiatu haisikie baridi."

Nikavua. Ilikuwa asubuhi ya umande, na umande wa Masisi si wa kuchezea. Tukatembea juu ya ukuta, tukashuka ubavuni, tukapita mguuni pake, tukapanda tena. Sikusikia chochote ila miguu yangu ikinilaumu. Papa Balume akasimama, akaniambia nirudi hatua moja. Nikarudi. Kweli, pale palikuwa na baridi ya namna nyingine, baridi ya chini kwa chini, ingawa nyasi zilikuwa sawa na nyasi nyingine zote. Akachomeka kijiti. "Hapo mayi inapita," akasema. "Macho yako itaiona kisha miezi. Muguu imeiona sasa." Ndivyo nilivyoukagua ule ukuta maisha yangu yote, miguu mitupu, na ndiyo sababu nyayo zangu zinaweza kukuna sufuria.

Vifaa vyetu vilikuwa jembe, panga la kukatia vichaka kabla mizizi haijafika mbali, mtego wa fuko, ubao uliopakwa rangi wa kuonyesha kimo cha maji bwawani, na ndoo ya maziwa. Ndoo ilikuwa ya kupimia maji yanayovuja. Kila ukuta wa udongo huvuja kidogo, asikudanganye mtu. Kazi ni kujua kama unavuja kama jana. Saa hatukuwa nayo. Papa Balume alikuwa anatega ndoo chini ya mfereji mdogo uliotoka mguuni mwa ukuta, halafu anasali Baba Yetu kwa sauti. Siku za kawaida ndoo ilijaa kwenye mkate wetu. Ikijaa wakati wa kusamehe makosa, maji yamepungua, nenda kanywe chai. Ikijaa kabla ya mkate, usiende popote.

Kipimo hicho kilikuwa na kasoro moja: kila mtu anasali kwa mwendo wake. Papa Balume alisali kama anashindilia udongo. Mimi nilikuwa mwepesi, kwa hiyo mwanzoni kila siku baraji ilikuwa nzima kabisa na hata sikuhitaji kuitazama. Alinifundisha kusali upya, na katekista, aliyetusikia akipita, alifurahi sana akidhani nimeokoka.

Kuna miaka ya vita tulikimbia, tukarudi, tukakimbia tena. Sitaieleza hapa, inajulikana. Nitasema tu kwamba kila tuliporudi tulikwenda kwanza kuangalia ukuta, ndipo tukaangalia nyumba. Papa Balume alifariki katika kipindi cha utulivu, kitandani mwake, na mimi nikabaki na ndoo.

Sasa niseme juu ya ule mfereji mdogo, kwa sababu ndio uliotaka kutumaliza. Mahali ulipotokea palikuwa ndipo pazuri kuliko pote kilimani. Wakati wa kiangazi, milima ikigeuka kahawia, pale palibaki na nyasi mbichi, laini. Maji yalikuwa meupe, ya kuonekana mpaka chini, na baridi. Papa Bizimana, mfugaji ambaye malisho yake yanapakana na ukuta, alileta ng'ombe wake hapo tangu zamani. Alipaita chemchemi. Alichonga birika la mti, akalitega, akajenga uzio, akapanda maua pembeni. Ng'ombe wake mkuu, Gaju, mwekundu, mwenye pembe za kupendeza na tabia mbaya, hakunywa mahali pengine popote. Maziwa ya Gaju yalikwenda nyumba ya jibini, na watu walianza kusema jibini letu linashinda mengine kwa sababu ya yale maji. Mama mmoja akaanza kuyachota kwa ajili ya ugonjwa wa tumbo. Ukifika hapo, kumwambia mtu kwamba chemchemi yake ni ukuta unaovuja ni kutafuta ugomvi.

Mimi niliutafuta. Nilimwambia Papa Bizimana kwamba yale maji ni ya baraji na nitayaziba kwa udongo na saruji. Aliegemea fimbo yake, akanitazama kwa huruma.

"Papa Anicet, hii mayi haiyaua muntu. Iko natengeneza maziwa. Weye unataka kufunga maziwa?"

Nikamwambia si maziwa, ni baraji.

"Baraji imejengwa na bantu," akasema. "Chemchemi ni ya Mungu. Sasa kati ya bile biwili, njo unataka kufunga ya Mungu?"

Huwezi kushinda mazungumzo ya namna hiyo ukiwa huna viatu.

Ndipo akaja injenia kutoka Goma, mama kijana anayeitwa Espérance, kuangalia hali ya baraji ndogo ndogo za milimani. Tulimtarajia mtu wa kusimama kando ya gari na kuonyesha vitu kwa kidole. Akavua viatu kabla sijamwambia. Alipima, akachimba, akachota yale maji katika chupa, akaitazama juani. Halafu akaitisha mkutano wa komite ya baraji katika nyumba ya jibini, kwa kuwa ndiyo yenye viti.

Alisema kitu ambacho hakuna mtu aliyekipenda, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza komite kukubaliana. Kwangu mimi alisema nisizibe: nikiziba hapa, maji yatatafuta mahali pengine nisipopaona. Kwa Papa Bizimana alisema chemchemi haiwezi kubaki hivyo ilivyo.

"Mayi yenyewe haina mubaya," akasema. "Mubaya ni siku itaanza kubeba udongo wa ndani. Tuweke muchanga, juu yake kokoto kidogo, kisha kokoto kubwa, kisha mawe. Mayi itapita. Udongo itabaki."

"Na majani ya ngombe?" akauliza Papa Bizimana.

"Itafunikwa kidogo."

"Kidogo ya injenieri ao kidogo ya muntu?"

Watu wakacheka. Papa Bizimana alisimama akaeleza historia ya Gaju, ya mama yake Gaju, na ya nyanya yake. Mimi nikasimama nikatetea saruji. Kelele zikawa nyingi. Zawadi, aliyekuwa amekuja na koti lake jeupe kutoka wodini, akanyoosha mkono kwa adabu kabisa.

"Papa Bizimana, miye niko nawaza kintu kimoya. Hii ukuta ikianguka, Gaju iko na maguu ine, itakimbia. Mama mwenye anazaa, atakimbia na nini?"

Nilijivunia mke wangu, nikadhani jambo limekwisha. Lakini komite ni komite. Iliamua kwamba mchanga na kokoto viletwe, virundikwe kando ya ukuta, na suala liendelee kufikiriwa. Injenia Espérance akaondoka akitikisa kichwa, akiwa na jibini mbili alizopewa kama asante.

Mchanga uliletwa. Ukakaa. Mchanga mzuri uliokaa bila mwenyewe ni mtihani kwa kila binadamu anayejenga jiko. Lile rundo lilipungua bila mtu hata mmoja kuonekana akichukua. Niliuliza kila nyumba, na kila nyumba ilishangaa kuliko mimi.

Na kulikuwa na jambo la vani. Vani ni lile lango la chuma chini ya baraji, linalofunguliwa kwa gurudumu na msumari mrefu wa mizunguko, ili kulipunguza bwawa kwa haraka hatari ikija. Linatakiwa kufunguliwa mara kwa mara lisishikwe na kutu. Lakini ukilifungua maji yanashuka, na turbini inalala. Kila nilipotaka kulifungua palikuwa na harusi, na harusi bila taa na muziki ni msiba. Baada ya harusi, mpira. Baada ya mpira, mitihani ya watoto. Baada ya mitihani, Noeli. Waliponiuliza kama haliwezi kungoja kidogo, na mimi ni mtu anayependa harusi, nilingoja nao.

Basi ikafika masika moja ambayo mvua haikujua kuacha. Siku hiyo kulikuwa kumepambazuka vizuri, jua limetoka, bwawa limejaa mpaka kwenye rangi nyekundu ya ubao. Nilikuwa juu ya mfereji wa kumwagia maji ya ziada, nasafisha magugu, nikamwona Papa Bizimana anapanda kwa hasira, fimbo hewani.

"Papa Anicet! Unatia nini mu mayi yangu?"

"Mayi yako?"

"Gaju inakatala kunywa! Inanusa, inaniangalia, inarudia nyuma. Ngombe yenye inakunywa pale tangu ilikuwa mutoto!"

Nikamwambia labda Gaju ameanza kufunga kula, kama watu wa kwaya. Nilijichekea mwenyewe. Yeye hakucheka.

"Hii haiko ya kucheka. Mayi imegeuka."

"Imegeuka namna gani?"

"Iko sawa chai yenye banaweka maziwa."

Kicheko kilinikauka mdomoni. Maji yanayovuja meupe ni ukuta unaotoa jasho. Maji yenye rangi ni ukuta unaotoka nje wenyewe, punje kwa punje, kutoka tumboni. Nilitupa panga nikashuka mbio, buti za kukatia magugu nikizivua njiani, moja huku, moja kule. Nyasi za chemchemi zilizama chini ya mguu wangu, na penye shimo maji yalikuwa yanachemka udongo. Gaju alikuwa amesimama kando ya birika, anatutazama wote kama watu waliomharibia jina.

Nikatega ndoo. Papa Bizimana akasimama karibu nami, akavua kofia, akaanza Baba Yetu. Hakuna mtu Nyabiondo nzima anayesali polepole kama yeye. Hata ukihesabu mwendo wake, ndoo ilifurika mapema mno, kwenye jina lako litukuzwe. Nikamwambia imetosha, amekwisha kupima. Akaendelea mpaka amina, macho amefumba, na hapo nikaelewa kwamba yeye hakuwa anapima.

Nilipiga kelele kuelekea wodini. Zawadi akatoka mlangoni, akaniona miguu mitupu, matope mpaka magotini, na hakuuliza swali. Niliwaona wakipanda kilima: mama mmoja na mtoto mgongoni, mwingine na mtoto mikononi, wahudumu na magodoro kichwani, na katikati mama mmoja mwenye uchungu, anashikwa huku na huku, anasimama kila hatua chache kumlaani mume wake. Nyumba ya juu iliyokuwa karibu ni nyumba ya jibini. Wakaingia humo. Nilimwona Zawadi anageuka mlangoni kuniangalia, halafu akafunga. Niliogopa, siwafichi. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa bunduki.

Watu walikuja wengi, kwa sababu kwetu ukipiga kelele moja tu kilima kizima kinashuka. Tukaenda kwenye vani. Nikashika gurudumu, nikasukuma. Halikusogea. Wanaume wakashika nami. Halikusogea. Zile harusi zote na ile mipira yote vilikuwa vimekaa ndani ya ile kutu. Mtu akaniuliza kama nina mafuta ya mashine. Yalikuwa yamekwisha tangu Noeli.

Papa Bizimana akaondoka mbio. Nilidhani anakwenda kuokoa ng'ombe wake, na sikumlaumu. Akarudi amekumbatia kibuyu cha siagi ya ng'ombe, ile ya kuwekewa wageni wakubwa, na mke wake nyuma yake na kaa la moto katika chungu. Tukaipasha ikayeyuka, tukaimimina juu ya msumari wa chuma, harufu ikawa ya karamu. Tukaingiza mtarimbo kwenye gurudumu. Kwaya, waliokuwa mazoezini, walikuja wote na kushika mtarimbo, lakini kila mmoja alisukuma wakati wake. Kiongozi wao akakasirika, akainua mikono, akawaanzishia wimbo. Kwenye kiitikio gurudumu likalia. Kwenye kiitikio cha pili likazunguka.

Maji yalitoka chini kwa nguvu, meusi, yana harufu ya miaka. Na pamoja na maji wakatoka samaki. Samaki wakubwa, ambao hakuna aliyejua kama wanaishi humo, wakirukaruka kwenye majani. Nusu ya waokoaji wangu wakatoweka papo hapo. Sauti ya pili yote ya kwaya ilivua vikoi ili kuwabebea. Niliwaita, wakanijibu "Tunakuya, Papa!" wakiwa wameinama.

Bwawa lilianza kushuka, lakini halishuki kwa mara moja, na lile shimo lilikuwa linaendelea kutapika. Nikakimbilia mfuko wangu wa saruji. Nilikuwa tayari nimeufungua, Papa Bizimana akanishika mkono.

"Hapana funga! Ule mama wa Goma alisema nini? Alisema ukifunga hapa, itatokea kwengine. Muchanga, kokoto kidogo, kokoto kubwa, mawe. Mayi ipite, udongo ibakie."

Nilimtazama. Alikuwa ameyapinga yale maneno kwa muda mrefu hivi kwamba ameyajua yote kwa moyo. Nikauacha mfuko wa saruji.

Tukaenda kwenye rundo la mchanga. Halikuwapo. Palikuwa na alama ya mahali lilipokuwa. Watu wakatazamana, kisha wakatazama chini. Halafu, mmoja mmoja, wakaondoka kimya, na baada ya muda wakaanza kurudi: katekista na beseni, mwalimu na ndoo mbili, mwenye kinu na gunia kwenye pikipiki, mama mmoja na karai lenye mchanga ambao kuku alikuwa ametagia, yai likiwa bado juu yake. Sikumuuliza mtu swali. Mchanga ulirudi wote, na kwa jinsi nilivyoukadiria kwa jicho, ulirudi mwingi kuliko ulioletwa.

Papa Bizimana mwenyewe ndiye aliyevunja birika lake ili tupate nafasi. Alilipiga teke mara moja, akageuza uso. Tukamwaga mchanga juu ya nyasi zake, juu ya maua yake. Mchanga wa kwanza ulipelekwa na maji, wa pili pia, wa tatu ukakaa. Tukaweka kokoto ndogo, tukaweka kubwa, tukapanga mawe juu, wanawake wakipokezana mawe kutoka mtoni kwa mstari mrefu. Wale wa samaki walirudi mmoja mmoja, wameficha samaki wao nyuma ya mawe, wakafanya kazi kwa nguvu ya watu wenye deni.

Jua lilipopita kichwa, maji yaliyotoka kati ya mawe yalikuwa bado ya chai. Baadaye yakawa ya chai hafifu. Baadaye sikuweza tena kusema. Tulisimama tunabishana kama ni meupe au macho yetu yamechoka. Papa Bizimana akaenda akamleta Gaju, akamwelekeza mahali maji yanapotokea. Watu wote wakasogea karibu. Hata kwaya. Gaju akanusa. Akatutazama, akanitazama mimi zaidi, kwa dharau. Halafu akainamisha kichwa akanywa, akanywa kwa muda mrefu, tukisikia koo lake likifanya kazi. Papa Bizimana akaketi chini kwenye matope akalia waziwazi, na mimi nikaketi pembeni yake.

Zawadi alishuka akiwa amekunja mikono ya koti.

"Ni mwanaume," akasema. "Alizaliwa kati ya fromaji. Na baraji?"

"Iko inasimama."

Akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye vidole vya miguu. "Basi vaa viatu, tuende ku nyumba." Viatu vyenyewe hatukuvipata mpaka kesho yake. Yule mtoto leo ni kijana mkubwa, na mama yake anasema jibini hataki hata kuiona.

Injenia Espérance alikuja barabara ilipofunguka. Alitandua mawe yetu, akatukosoa tulipochanganya kokoto, akapanga upya, akaweka bomba la kutolea maji mbali kidogo na ukuta, na mwisho wa bomba akamtengenezea Papa Bizimana birika la saruji. Papa Bizimana alimpa mtoto wa Gaju jina kwa heshima yake: akamwita Injenia. Nyasi zimeota tena pale, kidogo. Kidogo ya mtu.

Vani siku hizi hufunguliwa kwa desturi nyingine, Innocent, na hii naomba muitunze. Kwa kuwa harusi ndizo zilizokuwa zinatuzuia, sasa harusi ndizo zinazolifungua. Bwana na bibi harusi wakitoka kanisani wanapita barajini, wanashika gurudumu pamoja, wanalifungua na kulifunga, na familia ya Papa Bizimana inaleta siagi. Ndoa ambayo gurudumu lake lilikuwa gumu, watu wanaitazama kwa wasiwasi. Nimejaribu kueleza kwamba ugumu ni kutu tu, hawanisikilizi.

Siku ya kuniaga komite ilitoa hotuba ndefu, halafu ikanipa zawadi katika sanduku: viatu vya ngozi, vyeusi, vinavyong'aa. Nilishukuru. Nilitafuta nyuso za waliovichagua nione kama wananicheka, nikaona hapana, walikuwa wamefurahi kweli. Navivaa kila asubuhi. Vinanibana.

Gaju amekwisha kufa. Anayekunywa sasa ni mjukuu wake, naye kachukua tabia zote. Zawadi bado hajastaafu. Anateremka wodini kila asubuhi na koti lake mkononi, na mimi nabaki barazani na kikombe cha chai ambacho sikigusi. Papa Bizimana anapita njiani akitoka malishoni. Hasimami. Anainua fimbo tu, anasema, "Imekunywa." Namjibu, "Aksanti, Papa." Ndipo nakunywa na mimi.

Najua Innocent ana chupa ya kupimia maji na simu ya kupiga picha, na anafanya kazi vizuri, namsifu mbele za watu. Lakini siku Papa Bizimana atakapopita hapa bila kusema neno, asihangaike kunitafuta nyumbani. Atanikuta juu ya ukuta nimefika kabla yake, na viatu vya komite vitakuwa mkononi.